Huruma Nayo Yahitaji Elimu

Kijana aliyemaliza kidato cha sita akiwaambia wazazi wake kwamba ataka kusomea ustawi wa jamii, mara nyingi hujibiwa: "Kusaidia watu nako kwasomewa?" Wazazi wataka daktari, wataka mhasibu. Huruma, wasema, mtu huipata kwa mama yake. Karo ya miaka mitatu ni ya nini?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1897 Mary Richmond, bibi aliyeongoza chama cha kuwasaidia maskini mjini Baltimore, Marekani, aliomba ifunguliwe shule ya kufundisha kazi hiyo. Mwaka uliofuata mafunzo ya majuma sita yalianza New York, nayo ndiyo chanzo cha shule ya ustawi wa jamii ya Columbia University. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1917 Bibi huyo alifundisha kwamba shida ya mtu haina budi kuchunguzwa kwanza, kama tabibu achunguzavyo ugonjwa kabla ya kutoa dawa.

Wazazi na watazame jambo moja litokealo kwetu Tanzania. Mume na mke wametengana, na kila mmoja amtaka mtoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mahakama yaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi na kuleta taarifa. Jirani mwenye huruma tu atamwelekea yule aliaye zaidi. Afisa aliyesoma huenda nyumba zote mbili. Huuliza mtoto alala wapi, nani humwamsha kwenda shule, nani humpeleka hospitali. Humwona mwalimu, kisha huzungumza na mtoto peke yake, kwa maneno yanayolingana na umri wake. Akiandika, hutenga aliyoyaona kwa macho na aliyoambiwa. Karatasi iliyoandikwa vibaya yaweza kumrudisha mtoto kwenye nyumba ya kipigo, na aliyeiandika asijue.

Hayo ndiyo yasomwayo chuoni: ukuaji wa mtoto, saikolojia, sheria, namna ya kusikiliza na kuandika. Hufuata mafunzo kwa vitendo, katika hospitali au makao ya watoto, chini ya macho ya mwenye uzoefu. Tena kuna kutunza siri. Sote twamjua shangazi mwema ambaye humpa mjane unga asubuhi, na kabla ya jua kutua kisima kizima kina habari za mjane yule.

Kazi hii haina utajiri, wala haimfai kila mtu. Aliyeichagua kwa kuwa amekosa nafasi kwingine afadhali aiache, maana watakaoumia ni wengine. Mzazi na amtazame kijana wake nyumbani: aweza kumsikiliza mlevi bila kumcheka? Msichana wa kazi humwita kwa jina lake?

Aliyeishia kidato cha nne naye asikate tamaa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 na iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, ina astashahada, stashahada na shahada. Mwenye sifa zinazotakiwa aweza kuanzia chini, akapanda ngazi moja baada ya nyingine.