Jina la Mwisho Si Ukoo

Kijana wenu akileta nyumbani Oyugis mchumba aitwaye Akinyi Otieno, na ninyi pia ni akina Otieno, msishtuke upesi. Kwa Wajaluo, Otieno ni mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku. Okoth, wakati wa mvua. Opiyo, pacha wa kwanza. Hayakuwa majina ya ukoo. Serikali ya kikoloni na shule za misheni ndizo zilizozoeza watu kuandikwa kwa jina la baba, na hivyo saa aliyozaliwa babu imebaki katika vitambulisho vya wajukuu.

Hatari iko upande wa pili. Okoth na Opiyo, ndugu wa tumbo moja, wakihamia miji mbalimbali, watoto wao huandikwa majina tofauti na huweza kupendana bila kujuana. Kanuni ya 1091 ya Sheria za Kanisa huzuia ndoa ya watoto wa ndugu. Mila ya Kijaluo ni kali zaidi: hukataza ukoo mzima wa baba, na jamaa wa karibu wa mama. Matangazo ya ndoa kanisani husaidia, lakini huja mahari ikiwa imekwisha pelekwa!

Basi, mume na mke, andikeni daftarini mababu wenu, mmoja baada ya mwingine, mapema. Msiwaache kina mama. Kitambulisho hakionyeshi nyanya alitoka wapi, lakini majirani humwita “nyar” fulani, yaani binti wa kwao. Mwulizeni angali hai.