SOMO LA SOKO: Mfanyakazi akiumia, nani analipa, na kwa muda gani?

Kila wiki ukurasa huu huwaletea wasomaji bei ya gunia la mahindi, maharage na mchele. Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuitazama bei moja ambayo haiandikwi kwenye ubao wa soko lolote. Ni bei ya mkono wa mtu anayelibeba gunia hilo.

Siku moja mwandishi wa ukurasa huu alikuwa kwenye stoo ya nafaka jijini Dar es Salaam akiandika bei za jumla. Gunia liliteleza kutoka juu ya rundo na kumwangukia kijana mmoja mkononi. Mfupa ulivunjika. Tajiri mwenye stoo alitoa shilingi 50,000 mfukoni, akampa na kumwambia, "Pole sana mdogo wangu, ukipona urudi." Wiki ya tatu kijana alirudi, mkono ungali kwenye P.O.P. Alikuta mwingine amekwisha kuchukuliwa mahali pake.

Tajiri yule hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba ametoa hisani. Kijana naye aliipokea kama hisani, akashukuru na kuondoka. Wote wawili hawakujua kuwa siku ile kulikuwa na haki ya kisheria iliyozidi shilingi 50,000 kwa mbali, na kwamba sehemu kubwa ya haki hiyo haikupaswa hata kutoka kwenye mfuko wa tajiri. Kutojua huko ndiko kumetufanya tuandike somo hili.

ULEMAVU WA MUDA NI NINI?

Watu wengi wakisikia neno ulemavu hufikiria kiti cha magurudumu au mkongojo wa maisha. Katika sheria za kazi neno hilo ni pana zaidi. Mfanyakazi aliyevunjika mkono, akaambiwa na daktari akae miezi mitatu bila kunyanyua kitu, ana ulemavu wa muda. Atapona na kurudi kazini, lakini kwa miezi hiyo mitatu hawezi kuuza nguvu zake, na kodi ya chumba haimsubiri apone.

Ulemavu huo upo wa aina mbili. Wa kwanza ni ule unaomzuia mtu kufanya kazi yoyote kwa kipindi fulani. Wa pili ni wa sehemu, yaani mtu anaweza kufanya kazi kidogo au kazi nyepesi, ila si ile aliyoizoea. Tofauti hii tuiweke akilini, kwa maana tutaihitaji mbele.

SWALI LA KWANZA: ALIUMIA WAPI?

Kwa Tanzania Bara, njia ya malipo hutegemea chanzo cha tatizo. Kama mtu ameumia akiwa kazini au ameugua kwa sababu ya kazi yake, mlango wake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana kwa kifupi kama WCF. Mfuko huu umetokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na ulianza kazi mwaka 2015.

Kama mtu ameugua malaria, amefanyiwa upasuaji au ameteguka mguu akicheza mpira Jumapili, mlango wake ni likizo ya ugonjwa, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hapo anayelipa ni mwajiri mwenyewe.

Msomaji asichanganye milango hii na NSSF. Huo ni mfuko mwingine, wenye mafao yake na masharti yake.

MLANGO WA WCF

Mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake. Ni marufuku kuukata kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mfuko ulipoanza, mwajiri wa sekta binafsi alitakiwa kuchangia asilimia 1 ya jumla ya mishahara. Kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, na Julai 2022 kikafika asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma.

Tufanye hesabu. Stoo ina wafanyakazi 12, kila mmoja analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Jumla ya mishahara ni shilingi 4,800,000. Nusu ya asilimia moja ni shilingi 24,000 kwa mwezi, au shilingi 288,000 kwa mwaka mzima, kwa watu wote 12.

Sasa mmoja wao, tumwite Juma, amevunjika mkono kazini na daktari amempa miezi mitatu. Fao la ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, yaani shilingi 280,000. Kwa miezi mitatu ni shilingi 840,000, mbali ya matibabu ambayo nayo ni fao la peke yake. Fao la ulemavu wa muda linaweza kuendelea hadi miezi 24. Ikibainika kuwa mkono hautarudi kama zamani, hesabu huhamia kwenye ulemavu wa kudumu: ukiwa hauzidi asilimia 30, hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo, hulipwa pensheni. Pia kuna huduma za utengamao, za kumsaidia mtu arejee kwenye kazi na maisha yake.

Linganisheni sasa shilingi 840,000 na ile 50,000 ya hisani.

MASHARTI YA SAA NA KARATASI

Haki hii haiji yenyewe. Mfanyakazi akiumia amwarifu mwajiri mara moja, na ikiwezekana mbele ya shahidi. Mwajiri akishapata habari anatakiwa kuuarifu Mfuko ndani ya siku 7. Madai ya fidia nayo yana ukomo wa miezi 12. Wapo waliokaa kimya wakimwonea aibu bosi, wakaja kuzinduka mwaka umepita.

Karatasi za kutunza ni hizi: cheti cha daktari chenye tarehe na idadi ya siku za kupumzika, stakabadhi za matibabu, hati za mshahara, na majina ya walioona ajali. Ikiwa ni ajali ya barabarani katika safari ya kikazi, fomu ya polisi, yaani PF3, isikosekane.

Vibarua wengi hutuuliza: "Mimi sina mkataba wa maandishi, je, nimo?" Jibu ni kwamba kukosa karatasi hakumfanyi mtu asiwe mfanyakazi. Sheria hutazama hali halisi: nani anakupangia saa, nani anakuelekeza kazi, na unamtegemea nani kwa kipato. Kuli anayejitegemea, anayebeba mzigo wa yeyote atakayemwita, hesabu yake ni tofauti. Somo hili ni la mwenye mwajiri.

MLANGO WA LIKIZO YA UGONJWA

Kwa maradhi yasiyotokana na kazi, sheria inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 hana haki ya likizo hii ya malipo, na asiyeleta cheti cha daktari anaweza kunyimwa malipo kihalali.

Turudi kwa mshahara ule ule wa shilingi 400,000, na kwa urahisi wa hesabu tuchukue mwezi wa siku 30. Siku 63 za kwanza ni shilingi 840,000. Siku 63 za pili ni shilingi 420,000. Jumla ni shilingi 1,260,000, na zote zinatoka kwa mwajiri. Mfanyabiashara makini huweka akiba ya jambo hili, kama anavyoweka akiba ya gari kuharibika.

Jambo moja la kuangalia: mwajiri halazimiki kulipa likizo ya ugonjwa pale ambapo mfanyakazi anastahili kulipwa likizo hiyo chini ya sheria nyingine, mfuko au mkataba wa hiari. Malipo mawili kwa siku moja hayapo.

KUREKEBISHA KAZI ILI MTU ARUDI

Hapa ndipo biashara nyingi hupoteza fedha bila kujua. Mfanyakazi aliyefikia hatua ya ulemavu wa sehemu hawezi kunyanyua gunia, lakini anaweza kusoma mizani, kuandika daftari la magari yanayoingia, kuhesabu magunia au kupokea simu za wateja wa mikoani. Tajiri anayesema "urudi ukiwa mzima kabisa" anamfukuza mtu anayeijua stoo yake, kisha anaanza kumfundisha mgeni.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria ya ajira, zinamtaka mwajiri ajiulize kwanza kabla ya kufikiria kumwachisha mgonjwa kazi. Tatizo ni la muda au la kudumu? Chanzo chake ni nini? Je, kazi inaweza kurekebishwa, au ipo nyingine nyepesi? Kwa aliyeumia kazini, mwajiri anategemewa kujitahidi zaidi ya kawaida. Aidha, mfanyakazi apewe nafasi ya kusikilizwa, yeye mwenyewe au akiwa na mwakilishi wake.

Marekebisho mengi hayana gharama kubwa: stuli ya kukalia, saa chache kwa mwezi wa kwanza, ruhusa ya kwenda kliniki, kumpangia mwenzake wa kusaidiana. Jambo la maana ni kuyaandika. Karatasi moja iseme Juma atafanya kazi gani, kwa muda gani, kwa malipo gani, na lini hali itatazamwa upya. Wote wawili watie sahihi. Neno la mdomo husahaulika mara msimu wa mavuno ukifika na malori yakipanga foleni.

Kwa wenye stoo tuna nyongeza. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100 kwa gunia, lakini lumbesa bado zinaonekana sokoni. Wengi huilaani lumbesa kwa kumpunja mkulima. Tukumbuke pia kwamba kuna mgongo wa mtu unaoishusha kutoka kwenye lori. Kuikataa lumbesa getini ni usalama kazini wa bei rahisi kuliko yote.

AKIFUKUZWA JE?

Anayeachishwa kazi kwa sababu tu ameumia anaweza kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Muda wa kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30. Ni muda mfupi, hasa kwa mtu aliye kitandani, hivyo ndugu au chama cha wafanyakazi wamsaidie mapema. Kwa upande wa pili, mwajiri anayepuuza kujisajili WCF anavunja sheria na anaweza kushtakiwa.

KWA WANAOFANYA BIASHARA KENYA

Wapo wasomaji wetu wa Namanga na Holili wenye wafanyakazi upande wa pili wa mpaka. Wasidhani sheria ni moja. Kenya inatumia Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo humtaka mwajiri awe na bima. Ulemavu wa muda unaodumu siku 3 au zaidi hulipwa sawa na kipato cha mfanyakazi, kwa kutegemea viwango vilivyowekwa, na si zaidi ya miezi 12. Likizo ya ugonjwa huko ni fupi: baada ya miezi 2 ya utumishi mfululizo, angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu, katika kila miezi 12.

ZOEZI LA WIKI

Una duka lenye wafanyakazi 5, kila mmoja shilingi 350,000 kwa mwezi. Mchango wako WCF ni kiasi gani? Na mmoja akiumia kazini, fao lake la mwezi ni kiasi gani?

Jibu: mchango ni shilingi 8,750 kwa mwezi kwa wote watano. Fao ni shilingi 245,000 kwa mwezi kwa mmoja aliyeumia. Asiyeziona namba hizi mbili zikiwa pamoja hajafunga hesabu zake.

Kuhusu yule kijana wa stoo, tulionana tena baada ya miezi kadhaa. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, kwa sababu alianza kubeba mizigo midogo midogo kabla ya wakati ili apate kula. Sasa anauza vocha na maji ya kunywa. Tulipomweleza haya yote aliuliza swali moja tu: "Kumbe pale pale ningeandikisha?"

Ndiyo, pale pale, siku ile ile. Wiki ijayo tutarudi kwenye bei za nafaka kama kawaida.