CHUNGU KINAPOKUWA SILAHA

Siku ya harusi ya dada yangu niliangusha chetezo cha bibi. Kilipasuka vipande vipande, makaa yakatawanyika mkekani, na kufumba na kufumbua mkeka una matundu saba. Bibi akamaka, "Mjukuu wangu, leo ungetuchomea makuti!" Basi hapo ndipo nilipoielewa silaha ya chungu.

Katika karne za kati, majeshi ya Waarabu yalitia nafta ndani ya vyungu vidogo, yakaviwasha na kuvirusha kwa mkono au kwa manjaniki. Kwa nini udongo? Kwanza ni rahisi kupatikana. Lakini hasa ni kwamba udongo uliochomwa hauungui, na ukigonga jiwe unavunjika. Chombo cha shaba kingeanguka "ta!" kikabaki kizima na moto wake ndani. Chungu hiki kazi yake ni kuvunjika.

Mwaka 1168, waziri Shawar wa Misri aliamuru mji wa Fustat uchomwe usitekwe na Wazungu wa vita vya msalaba. Mwanahistoria al-Maqrizi aliandika kuwa vilitumika vyungu 20,000 vya nafta. (Mie naona kuna chumvi hapo. Nani alivihesabu?)

Wareno baadaye walitia baruti, wakafungia nje tambi zinazowaka. Chungu kikipasuka, tambi na baruti hukutana. Walivitumia sana katika bahari yetu hii ya Hindi, kama walipozingirwa Diu, Bara Hindi, mwaka 1546.

Je, huku kwetu? Agosti 1505, watu wa Francisco de Almeida waliitia moto Mombasa, na mapaa ya makuti yakawaka usiku kucha. Mwaka 1587 wakaja Faza, kisiwani Pate, wakaua watu, wakauharibu mji na kukata minazi. Penye makuti hata chungu hakihitajiki, kijinga kimoja chatosha! Lakini hebu tazama nyumba za mawe za Lamu: kuta za matumbawe, dari ya boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Chungu kikivunjika hapo, moto unakosa chakula. Taabu ni kuwa si kila mtu aliweza kujenga hivyo, na hata leo si wote wanaoweza. Mwaka 2009 Faza iliungua tena, mamia ya nyumba, na safari hii hakukuwa na adui yeyote.

Chetezo kipya cha bibi sasa hukaa juu ya sinia, na mie siruhusiwi kukibeba.