Programu yangu inafanya kazi, mbona nafeli mtihani?

SWALI: Nimeomba kazi ya uhandisi wa programu mara tatu. Kila mara natumiwa mtihani wa kuandika programu kwenye tovuti ya HackerRank. Programu yangu inapita mifano yote iliyoonyeshwa, kisha naambiwa sikufaulu. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, mifano unayoiona ni michache tu. Nyuma yake kuna majaribio yaliyofichwa, na mengi hupima kasi. Tuseme unatafuta namba mbili zenye jumla fulani. Ukilinganisha kila namba na nyingine zote, orodha ya namba 10 haina shida. Ya namba 100,000 inadai milinganisho karibu bilioni 5, na muda unakwisha. Badala yake, hifadhi namba ulizokwisha kupita kwenye jedwali la heshi, na kwa kila namba mpya angalia kama ile inayoikamilisha imo. Utapita orodha mara moja tu. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, soma kikomo cha ukubwa wa data. Jaribu pia orodha tupu na namba hasi.

Kwa maoni yangu, mitihani hii hupima sehemu ndogo ya ufundi, na inawaonea wenye intaneti ya kusuasua. Hata hivyo, nakusihi usinakili jibu la mtu: kwenye usaili huenda ukatakiwa kulieleza mstari kwa mstari.