Mafuta Yameshuka Duniani, Mbona Kituoni Yamepanda?

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda, Morogoro. Redioni nasikia pipa la mafuta limeshuka bei, lakini kituoni petroli imepanda. Tunaibiwa?

JIBU: Si lazima, ndugu yangu. Kwanza, pipa unalolisikia, lenye lita 159, ni la mafuta ghafi. Sisi tunaagiza petroli iliyokwisha kusafishwa, nayo ina soko lake. Mtambo mkubwa wa kusafishia ukisimama, petroli hupanda hata kama ghafi imetulia.

Pili, shehena hulipiwa kwa dola. Shilingi ikiteleza, nafuu yote huliwa hapo. Tatu, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, ikitazama bei za soko za wiki zilizopita. Unachojaza leo kilinunuliwa jana.

Juu ya bei ya soko kuna nauli ya meli, bima, na tozo zinazokatwa kwa kila lita, ambazo hazishuki pipa likishuka. Kwako Morogoro, ongeza usafiri wa lori kutoka Dar es Salaam.

Linganisha bei ya kituo na bei kikomo ya mji wako. Ikizidi, hapo ndipo ulalamike, na risiti mkononi.