Nenda, mdogo wangu, lakini gogo kwanza

Wale wa habari za wachumba naomba mvute subira kidogo wiki hii, maana barua iliyonikaa moyoni ni ya mdogo wetu mmoja anayeishi kaskazini mwa Uingereza. Ana miaka 27, ana mtoto mmoja, na amejiandikisha kushindana kwa mara ya kwanza katika mashindano ya watu wenye nguvu, kundi la wanawake wanaoanza. Si kutunisha misuli na kujipaka mafuta, la. Ni yale ya kubeba, kuvuta na kupakia: gogo la chuma la kuinuliwa juu ya kichwa, vyuma viwili vya kukimbia navyo mikononi, gari la kuvutwa kwa kamba, dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima nacho, na mwisho mawe ya mviringo. Anasema kwa dedilifti hakuna msichana anayemfikia pale jimu kwao. Gogo linamtoa jasho. Mumewe yuko upande wake. Mama yake, aliyeko Tanga, amelia kwenye simu akisema binti atajiharibu kizazi. "Dada," anauliza, "niende au nijitoe?"

Nenda. Hilo limekwisha. Sasa kaa tuzungumze utakavyokwenda.

Nianze na mama, kwa sababu najua ndiye anayekunyima usingizi. Mbembeleze akuhadithie alivyokuwa akitwika ndoo ya lita 20 kutoka bombani, na mimba yako tumboni, na mkono mwingine umemshika kakako. Siku zile nani alimwambia habari ya kizazi? Mwanamke wa kwetu kubeba mzigo mzito si ajabu hata kidogo. Wanachokishangaa watu ni kwamba safari hii kuna refa na kuna makofi. Wala wewe si wa kwanza. Mwaka 2001, Zambia, pale kwenye Maporomoko ya Victoria, wanawake walishindania taji la dunia la mchezo huuhuu, akashinda Mmarekani Jill Mills. Usimbishie mama, lakini. Mwambie, "Nimekusikia mama, nimekwenda kwa daktari." Na kweli uende.

Maana ndani ya hofu ya mama kuna chembe ya ukweli ambayo jimu hawakwambii. Kunyanyua vyuma kwa mpango, ukiongeza kidogo kidogo, hakumnyimi mwanamke uzazi. Ila misuli ya chini ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi, hulegea baada ya kujifungua, na mzigo mzito huikandamiza. Wanawake wengi wa mchezo huu huvuja mkojo wakivuta dedilifti. Wengine huchekeana, wakavaa suruali nyeusi, mambo yakaishia hapo. Wewe usinyamaze nalo. Ni jambo la kawaida, lakini lina tiba: wapo wataalamu wa fiziotherapia wanaoshughulikia nyonga za wanawake peke yake, na huko uliko unaweza kumuomba daktari wako akuelekeze. Ukihisi kitu kizito kinashuka huko chini, hapo acha vyuma siku hiyohiyo mpaka upimwe. Na jifunze kuvuta pumzi upya. Usisukume chini kama uko leba; jaza hewa tumboni na mbavuni, ubane mkanda kwa tumbo lako pande zote, na misuli ya chini uivute juu kabla chuma hakijaondoka sakafuni. Pima na presha pia, maana kubana pumzi huipandisha mara moja. Eddie Hall alipovuta kilo 500 kule Leeds mwaka 2016 alianguka akazirai, damu ikamtoka puani. Wewe unakwenda kwenye mashindano ya wanaoanza, hakuna haja ya kufika huko.

Sasa lile ninalotaka likuingie. Barua yako ina mistari minane ya dedilifti na mstari mmoja wa gogo. Mazoezi yako bila shaka yamegawika hivyohivyo, na hapo ndipo utakaposhindwa.

Angalia pointi zinavyohesabiwa. Wakiwa wanawake kumi, wa kwanza katika kila zoezi hupata 10, wa pili 9, mpaka wa mwisho anayepata 1. Ukishindwa kuliinua gogo hata mara moja, unaandikiwa sifuri. Tuseme umeshinda dedilifti na kuvuta gari, hizo 20. Gogo sifuri. Kwenye vyuma vya mikononi na mawe umekuwa wa sita, tano na tano. Jumla 30. Pembeni yako kuna dada mmoja ambaye hakuna aliyempigia kelele siku nzima, kazi yake kushika nafasi ya tatu na ya nne tu: 8, 7, 8, 7, 7. Ana 37, na huyo ndiye atakayepiga picha na kikombe. Tena ukimwacha wa pili kwa kilo 40 kwenye dedilifti, hupewi 15. Ni zile 10 zilezile ambazo ungezipata kwa kumpita kwa kilo moja. Kwa hiyo kila jioni unayoongeza dedilifti ambayo tayari inashinda, unanunua kitu ambacho hakina mnunuzi.

Hata majitu yanapatwa na hili. Iron Biby wa Burkina Faso, ambaye jina lake halisi ni Cheick Ahmed al-Hassan Sanou, aliinua gogo la kilo 229 mjini Glasgow mwaka 2021, na kabla ya siku hiyo hakuna binadamu aliyekuwa amefika hapo. Nampenda sana kijana huyu. Lakini katika yale mashindano makubwa ya kumtafuta mwanamume mwenye nguvu kuliko wote duniani, yaliyoanza mwaka 1977, gogo peke yake halikumpa taji, kwa kuwa kule kuna pia kukimbia na mizigo, kuvuta na kupakia.

Basi dedilifti iweke mara moja kwa wiki, nzito kiasi, usiigombanie. Gogo lipe siku mbili, tena liwe la kwanza ukiingia jimu, mwili ungali mbichi. Waandikie waandalizi uwaulize gogo lao lina unene gani. Yapo ya kipenyo cha sentimita 25 na yapo ya 30, na lile nene linakusukuma nyuma na kukuziba pumzi hata kama kilo ni zilezile. Kama la jimu kwenu ni jembamba, tafuta jimu nyingine yenye nene, hata kwa kupanda basi. Na usilivute kutoka chini mpaka kifuani kwa mpigo mmoja kama wafanyavyo wanaume wenye haraka. Livute mpaka mapajani, chuchumaa nalo, likumbatie. Hapo vuta pumzi. Kisha simama huku unaliviringisha likupande tumboni mpaka juu ya kifua, viwiko vinyanyuke, kichwa kirudi nyuma kidogo. Magoti yazame kidogo tu, halafu miguu ndiyo ilirushe gogo juu, mikono inamalizia. Likishakaa juu, mikono imenyooka na miguu imetulia, usilishushe. Msubiri refa. Wanaoanza hupoteza magogo mazuri kabisa kwa kuyaachia nusu sekunde kabla refa hajatoa ishara, na refa hana huruma wala haombwi. Jimu mwambie mwenzio asimame mbele yako awe refa, akucheleweshe makusudi.

Vyuma vya mikononi, sitasema sana. Umewaona wapagazi wa Kariakoo au makuli wa bandarini: gunia la kilo 100 mgongoni, hatua fupi za haraka, magoti hayakunyooka, macho mbele. Hakuna kuli anayepiga hatua ndefu. Fanya hivyo. Gari nalo lina siri moja tu, kwamba mwanzo ndio mgumu. Jilaze mbele karibu na ardhi, vaa viatu vinavyoshika lami, na likishaanza kutembea usilipe nafasi ya kusimama.

Kwenye dedilifti nina onyo. Umesema unashika kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma. Mkono ule uliogeuka mbele ndio ambao msuli wake wa juu hukatika pale kwenye kiwiko, hasa mtu akiukunja kidogo chuma kinapogoma. Ukikatika, ni upasuaji na miezi mingi ya kukaa nje. Kamba za kushikia zikiruhusiwa, na mara nyingi zinaruhusiwa, zitumie. Mawe nayo yana hatari hiyohiyo: jiwe linakumbatiwa, halikunjwi kwa mikono.

Na mawe yana gundi. Usiicheke. Ni utomvu wa msonobari, unapakwa viganjani na mikononi ili jiwe lisiteleze, na unanata kuliko unavyodhani. Wewe unavaa hijabu, basi nisikilize: hijabu yenye mkia ikigusa jiwe lenye gundi, jiwe linaondoka nayo. Vaa ile ya michezo, ya kubana, iishie shingoni, pini hata moja isiwepo. Jezi ya mikono mirefu iwe ya kuukuu kwa sababu haitarudi kwenye kabati. Waandalizi waandikie mapema uwaambie utakavyovaa, wakujibu kwa maandishi, ili asije mtu kukuvuruga asubuhi ya mashindano. Gundi hiyo haisikii maji na sabuni, inasikia mafuta tu. Mafuta ya nazi yanaitoa vizuri sana, chukua chupa na tambara. Na usimshike mtoto kabla hujajisafisha, utampeleka nyumbani mmegandana.

Umesema pia umezidi kilo mbili na nusu kwenye daraja lako la uzani, na kuna msichana amekushauri uingie sauna na uache kunywa maji. Huyo msichana mpende, lakini kwa hili usimfuate. Panda daraja la juu. Mashindano ya kwanza hayana rekodi ya kulinda, na mtu mkavu hubanwa na misuli na kizunguzungu kwenye zoezi la pili. Yuko na mwingine, huyu simpendi, atakayekunong'oneza kuhusu vidonge au sindano. Si mashindano yote yanayopima dawa, na wanaouza wanajua hivyo. Kwa mwanamke, homoni hizo zinaweza kukuzamisha sauti, na sauti ikishazama mara nyingi hairudi hata ukiacha. Ukiulizwa, sema umechelewa basi, ondoka.

Chakula usiku wa kuamkia siku yenyewe kiwe kile tumbo lako linachokijua: wali, maharage, samaki, yaishe. Si siku ya kujaribu unga mpya wa kopo. Mashindano haya hula siku nzima, na muda mwingi ni kusubiri. Unabeba kwa dakika moja, unakaa saa nzima. Chukua tende, ndizi, chapati, maji na chumvi kidogo, ule kidogo kila baada ya zoezi hata kama huna hamu. Kaa chini, jifunike usipoe, usisimame kutwa ukishangilia wenzio mpaka miguu ikaisha. Kuwashangilia washangilie, mchezo huu una wanawake wema kuliko unavyofikiri. Atakayekukopesha mkanda anaweza kuwa ndiye unayeshindana naye. Lakini shangilia umekaa.

Pale unapoachiwa kuchagua uzito wa kwanza, chagua ule ambao ungeuinua hata siku una mafua. Ukishapata alama ya kwanza, sifuri imekwisha, na hapo ndipo uanze kuwa na tamaa. Kama umri unakupigia kengele, yupo mwanamume wa mchezo huu aitwaye Mark Felix, mzaliwa wa Grenada anayeishi Uingereza: alizaliwa 1966, na mwaka 2023 alikuwa bado anashindana na vijana. Wewe wa 27 una haraka ya nini?

Limebaki la shemeji, maana umeuliza kama aje kuwa kocha wako. Aje, ila kazi yake mwandikie kwenye karatasi: kubeba begi, kushika maji na chaki, kumlea mtoto wakati gundi iko mikononi mwako, na kurekodi video kutoka ubavuni, si kutoka mbele, ili baadaye uone mgongo wako ulivyokaa. Kushauri asishauri siku hiyo. Kumfokea refa ndiyo kabisa asithubutu. Na video ya kwanza, kabla ya kuitupia kwenye kundi la familia, nitumieni mimi niichuje, nimtumie mama ile ambayo unacheka.