Chuma Kilekile, Mpangilio Mwingine



Likizo iliyopita niliwasindikiza vijana wa kipaimara kutoka Mpemba hadi Ndolezi, wilayani Mbozi, kukiona kimondo. Kijana mmoja aligusa lile pande la chuma, akauliza: “Frateri, kama wanasayansi wanaweza kueleza yote yaliyomo humu, Mungu anabaki na kazi gani?” Nilimjibu harakaharaka kwamba yapo mambo ambayo sayansi haitayaeleza kamwe. Leo nasahihisha jibu hilo.

Sayansi inasemaje?

Kimondo cha Mbozi kwa sehemu kubwa ni chuma, pamoja na nikeli. Mwaka 1856 mwanafizikia William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alipima metali hizo mbili akaona kwamba nguvu ya sumaku hubadilisha ukinzani wake, yaani ugumu wa umeme kupita. Badiliko lilikuwa dogo.

Mwaka 1988 Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mmoja na wenzake, walipanga matabaka ya chuma na kromiamu yenye unene wa kupimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Safari hii badiliko lilikuwa kubwa: katika jaribio la Fert, kwenye baridi kali, ukinzani ulishuka hadi karibu nusu.

Kwa nini? Kila elektroni ina spini, ambayo kwa mfano tu tunaweza kuiita dira ndogo inayoelekea juu au chini. Fikirini malori ya Tunduma katika foleni mbili, yakipita mageti mawili. Mageti yote yakipendelea foleni moja, foleni hiyo hupita vizuri na mizigo inafika. Kila geti likipendelea foleni yake, zote mbili hukwama mahali fulani. Matabaka ya chuma ndiyo mageti. Sumaku ndiyo inayoyageuza yaelekee upande mmoja. Mkondo wenye spini nyingi za upande mmoja huitwa mkondo wa spini.

Kuanzia mwaka 1997 ugunduzi huo ulitumika kusoma diski za kompyuta, na mwaka 2007 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Falsafa inasemaje?

Aristotle alifundisha kwamba kitu hakieleweki kwa maada peke yake. Lazima tuulize pia umbo lake. Matabaka yale si mfano kamili wa fundisho hilo, maana yamepangwa na mikono ya watu. Lakini yanatusaidia kuona: chuma ni kilekile, mpangilio umebadilika, uwezo mpya umejitokeza.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaongeza kwamba Mungu, Sababu ya Kwanza, huvipa viumbe hadhi ya kuwa sababu kweli. Elektroni ikifanya kazi yake, haimpokonyi Mungu kazi.

Jibu langu kwa yule kijana lilimweka Mungu katika mapengo ya elimu yetu. Mungu wa namna hiyo angepungua kila maabara inapogundua jambo. Nikirudi nitamwambia: mdogo wangu, hata tukieleza yote, bado tutauliza kwa nini kuna kitu cha kuelezwa, na kwa nini kina mpangilio unaoeleweka.

Maswali ya jumuiya

1. Je, tunamkumbuka Mungu pale tu tunaposhindwa kueleza jambo?
2. Tuwajibu vipi vijana wetu bila kuogopa maswali yao?